Kuni Mbichi Hazitibiwi kwa Esansi

Mvua ikirudi, swali linarudi nayo. Kwenye kilio usiku, ufukweni kwa wavuvi, nyuma ya nyumba ya arusi: "Mwalimu, kuni zimelowa. Tumwagie esansi kiasi gani?" Nafundisha kemia hapa Mboko, Fizi, na jibu langu halijabadilika: hata kifuniko cha chupa ni kingi mno.

Anayeuliza anaamini esansi inakausha kuni. Haikaushi. Ukuni hauwaki mpaka maji yake yachemke na kutoka, kisha joto lipande kama nyuzi 250 au zaidi, ndipo utoe gesi inayoshika moto. Kazi hiyo inataka joto la kudumu. Esansi inawaka juu juu, inajiteketeza yenyewe kwa muda mfupi, inakuachia ukuni mweusi nje, maji yote ndani. Halafu unaongeza, na hapo ndipo watu wanapoungua. Makala chini ya jivu yanaonekana yamekufa, kumbe bado. Esansi inageuka mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini hadi miguuni pako. Ukishika, moto unapanda mchirizi mpaka kwenye kibidoni ulichokamata. Mvuke huo unatoka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata milima ya Itombwe haijaiona. Usiniambie ulisimama mbali. Kule Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, na moto ukaua watu zaidi ya 200. Baadhi yao walikuwa kibandani wakitazama Kombe la Dunia.

"Lakini mimi natumia petroli, si esansi." Petroli ipi? Kwetu tuliolirithi neno kwa Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Kigoma, petroli ndiyo esansi yenyewe. Wengi huku Fizi waliishi kule kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Lugufu, wakarudi na maneno ya huko. Basi katika nyumba moja mama anaagiza petroli, mtoto analeta nyingine. Na hata yakiwa mafuta ya taa kweli, ambayo mvuke wake huanza kushika moto kwenye nyuzi 38 na kuendelea, juu ya makala ya moto nyuzi 38 ni kitu gani?

Kandambili na sashe za plastiki za kuwashia moto sitazijadili. Moshi ule unaingia kifuani mwako na kwenye samaki wa mikeke unaobanika.

Sasa ya kutumia, upesi. Makapi ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, baada ya kukamua mawese, yakianikwa vizuri, yanashika kwa kiberiti kimoja. Gunzi kavu lililochovywa mawese, maana mawese hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto kali. Unga wa mbao wa seremala na nta ya mshumaa. Pasua ukuni mnene, moyo wake mara nyingi ni mkavu. Chonga vijiti vya unene wa kidole, vipange hewa ipite, kuni mbichi zisubiri kando ya moto zikauke. Aliyeungua: maji safi ya baridi yatiririke dakika 20, si dawa ya meno, si mawese, kisha kituo cha afya.

Na kibidoni cha esansi ya pikipiki kifungwe, kikae mbali na mafiga, watoto wasikifikie.