Uwanda wa Kati ya Kibo na Mawenzi na Chimbuko la Maji ya Jamii za Kilimanjaro

Kati ya Kibo (mita 5,895) na Mawenzi (mita 5,149), vilele viwili virefu zaidi vya Mlima Kilimanjaro, umetanda uwanda ulioinuka takriban mita 4,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa umbo lake, uwanda huo hufananishwa na tandiko la farasi. Makala hii inaeleza kwa nini uwanda huo ni mkavu ingawa unapakana na kilele chenye barafu, na jamii za chini yake hupata wapi maji.

Uwanda huo ni zao la volkano. Mawenzi ilizimika mapema, ikamomonyoka na kubaki na ncha kali. Kibo iliendelea kulipuka, na lava yake ikatiririka kuelekea Mawenzi. Wachaga huieleza tofauti hiyo kwa simulizi: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoka akampiga, na mapengo ya kichwani mwake ndiyo makovu ya kipigo hicho.

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa kusini na kumwaga mvua katika ukanda wa msitu, ambako huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Zikifika uwandani zimekwisha kukauka, na mvua huko haifiki milimita 200. Hata Sepuka, katika Mkoa wa Singida unaohesabiwa kuwa nusu jangwa na kupata milimita 500 hadi 800, hunyeshewa zaidi.

Kwa hiyo, maji yanayofika katika vihamba vya Marangu kwa mifereji ya asili iitwayo mifongo hutoka hasa msituni, wala si kwenye barafu, ambayo tangu mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya robo tatu. Rombo, iliyo upande wa mashariki, hupata mvua chache kuliko kusini, hivyo huathirika upesi zaidi msitu unapopungua.

Hatari kubwa ni moto. Ule wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza uoto unaonasa unyevu wa ukungu. Basi, kuomboleza barafu pekee hakutoshi: anayetaka mfongo usikauke hana budi kuulinda msitu, akishirikiana na wanavijiji wanaopakana nao.