Makala Yaliyozaliwa Ziwani na Njia ya Kuyarudisha Nyumbani

Namba 10.1016/S0140-6736(07)60312-2 ukiitazama haraka utadhani ni ya risiti ya stima. Kumbe ni anwani ya makala ya kisayansi iliyozaliwa Kisumu. Tarakimu 10.1016 zinamtaja mchapishaji, Elsevier. Kipande cha 0140-6736 ni utambulisho wa jarida la The Lancet, (07) ni mwaka 2007, na zilizobaki ni za makala yenyewe. Anwani ya aina hii huitwa DOI. Andika doi.org kwenye kivinjari, weka mkwaju, kisha namba hiyo, nawe utafikishwa kwenye makala hata kama mchapishaji amehamisha tovuti yake mara kumi.

Nyuma ya namba hiyo wako vijana 2,784 wa Kisumu, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, waliokubali kushiriki utafiti wa kujua kama tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kuonekana: hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 53. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza njia hiyo, na 2008 Kenya ikaanza mpango wake, Nyanza ikiwa kitovu.

Baadhi ya vijana wale leo ni wazazi wa watoto waliofika umri wa kwenda chuo. Mtoto wa mmoja wao, akiwa anasomea uuguzi, atayapataje makala kama haya yakiwa kamili, pamoja na majedwali na mbinu za utafiti, badala ya kuishia kwenye ikisiri ya mistari ishirini? Njia ipo, nayo hupitia maktaba ya chuo chake. Wengi wanaomaliza masomo hawajawahi kuipita, na hilo ndilo linaloniuma.

Ziwa lililoandikwa kwa karne nzima

Mwambao huu wa Ziwa Victoria umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alilifanyia ziwa uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi, kwa sababu samaki aina ya ngege walikuwa wameanza kuadimika kwenye nyavu. Ripoti yake ilitoka 1929, ikishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Tangu hapo yameandikwa mengi: kuhusu mbuta na kutoweka kwa furu, kuhusu omena, kuhusu gugumaji lililoziba Ghuba ya Winam na fukusi walioletwa kulitafuna.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni ule wa vyandarua. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, waligawa vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, huku vijiji vingine vikisubiri zamu. Matokeo yalichapishwa 2003 katika American Journal of Tropical Medicine and Hygiene. Vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 16. Tena kulikuwa na jambo ambalo hesabu ya kijiji kwa kijiji ilikaribia kulificha: nyumba zisizo na chandarua, zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua, nazo zilipata kinga. Mbu waliotua kwenye dawa walikufa, na mbu aliyekufa kwa jirani hafiki kwako.

Jambo kama hilo hulielewi kwa kusoma ikisiri. Unahitaji kuona ramani, kuona umbali ulivyopimwa, kuona watafiti walivyojibu shaka zao wenyewe. Ndiyo maana makala kamili ina thamani.

Chama cha maktaba

Makala mengi ya kisayansi hukaa nyuma ya malipo. Ukibonyeza kichwa cha makala ukiwa nyumbani, mara nyingi utaulizwa dola 30 au 40 kwa makala moja, yaani takriban shilingi 4,000 hadi 5,000 za Kenya. Tasnifu ya kawaida huhitaji kusoma makala hamsini au mia. Hakuna mwanafunzi wa chuo cha Bondo au Maseno anayeweza kulipa hivyo, wala hatakiwi.

Anayelipa ni maktaba, kwa ada ya mwaka inayofungua maelfu ya majarida kwa mkupuo. Hata hivyo, maktaba moja ikienda peke yake kwa mchapishaji wa Ulaya au Marekani haina nguvu ya kupatana bei. Kwa hiyo mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliunda muungano uitwao KLISC, unaofanya kazi kama chama chochote cha mtaani: kila mmoja anatoa mchango, wote wananunua kwa pamoja, na muuzaji anapunguza bei kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na mkubwa. Tofauti ni kwamba hapa mara nyingi unakodi, hununui. Mchango ukikatika, mlango unaweza kufungwa, ukafunga hata majarida uliyoyasoma mwaka jana.

Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, tatizo halikuwa bei tu. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Kwa vyuo vilivyokosa mtandao, Chuo Kikuu cha Cornell kilianza 1999 kusambaza TEEAL, mkusanyiko wa majarida ya kilimo uliopakiwa kwenye CD. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani likazindua HINARI pamoja na wachapishaji sita wakubwa, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Leo mpango huo ni sehemu ya Research4Life, wenye pia AGORA kwa kilimo na uvuvi. Taasisi ndiyo inayojiandikisha, na mkutubi ndiye mwenye nywila.

Mlango unakujuaje?

Watu wengi hudhani usajili wa maktaba unafuata jina la mtu. Mara nyingi unafuata mahali. Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti huonekana kwa namba, anwani ya IP, na chuo kina fungu lake la namba hizo. Maktaba humpa mchapishaji orodha ya fungu hilo. Ukiwa ndani ya chuo, umeunganishwa na mtandao wake, seva ya mchapishaji huitazama namba yako, huikuta kwenye orodha, na mlango hufunguka bila wewe kuulizwa lolote.

Sasa chukua mwanafunzi aliyerudi kwao Usenge wakati wa likizo. Anatumia bando la simu. Namba anayobeba ni ya kampuni ya simu, kwa hiyo makala aliyoisoma Ijumaa akiwa chuoni, Jumatatu inamdai dola 35. Wengi hukata tamaa hapo, wakiamini chuo hakijalipia. Chuo kimelipia, yeye tu ndiye asiyetambulika.

Dawa yake ni seva wakala. Mwanafunzi anaanzia kwenye ukurasa wa maktaba badala ya Google, anaingiza namba yake ya usajili na nywila, kisha anachagua jarida. Kuanzia hapo kila ombi lake hupitia seva ya chuo kwanza, na mchapishaji huiona namba ya chuo, si ya simu. Ukitazama juu ya kivinjari utaona jina la chuo limejipachika kwenye anwani ya mchapishaji. Hiyo ndiyo dalili kwamba umeingia.

Na makala ikigoma hata hapo? Kwanza, tafuta kichwa chake kamili kwenye Google Scholar na ubonyeze palipoandikwa idadi ya matoleo. Pengine mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake. Pili, angalia African Journals Online, ambako majarida ya Afrika yamekusanywa tangu 1998 na mengi husomwa bure. Tatu, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake mara nyingi ipo kwenye ukurasa wa makala, na watafiti wengi hufurahi kuombwa nakala. Nne, kabla ya yote hayo kukuchosha, muulize mkutubi. Nimewaona watu wakihangaika wiki nzima kwa jambo ambalo mkutubi alilimaliza kwa dakika tano.

Walio nje ya uzio

Bado yuko muuguzi wa zahanati ambaye alihitimu, na siku akaunti yake ya chuo ilipofungwa, sayansi ilifungwa nayo. Yuko afisa wa uvuvi wa kaunti anayepaswa kushauri kuhusu msimu wa omena. Yuko mwalimu wa biolojia. Hawa ndio wanaoishi na matokeo ya utafiti, na hawamo kwenye orodha ya mchapishaji.

Mikataba mingi ya usajili humruhusu mtu aliyefika maktabani kwa miguu yake kusoma kwenye kompyuta za humo, hata kama si mwanafunzi. Vyuo vya mwambao huu vikiitangaza ruhusa hiyo pale inapokuwepo, vikabandika tangazo sokoni, hospitalini na kwenye ofisi za BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, ada ileile iliyokwisha kulipwa itawafaa watu wengi zaidi. Na kila mtafiti anayechukua damu, samaki au majibu ya maswali kutoka hapa anaweza kuweka nakala ya makala yake mahali pa wazi, kwa kadiri mkataba wake na jarida unavyoruhusu. Watu waliotoa damu yao wana haki ya kuona ilizaa nini.

Nikirudi kwenye vyandarua vya Asembo, naona somo la maktaba pia. Mwanafunzi mmoja anayejua kuingia kwa seva wakala, akasoma makala yote, kisha akamweleza mamake anayeuza omena au mhudumu wa afya wa kijiji chao, ameifikisha kinga hiyo kwenye nyumba zisizo na nywila. Lakini Asembo ilitufundisha pia kwamba jirani hukingwa pale vyandarua vilipo vingi. Wasomaji nao wanapaswa kuwa wengi.