Jina la Nani Liko Kwenye Cheti?

Jioni ya Kilwa Masoko ina raha yake. Jua likishalala upande wa bara, upepo wa bahari unaanza kazi, na vijana wanateremka ufukweni kupiga mpira. Goli ni miti miwili, na nyuma yake wamefunga wavu wa kuvulia uliochoka. Nilikuwa nimejikalia upenuni kwa wifi yangu, kikombe cha chai ya mchaichai mkononi, nikisema moyoni kwamba likizo ndiyo hii. Kumbe kazi imenifuata mpaka Kusini!

Wifi alitoka ndani na daftari. Alikuwa amechora khanga: jahazi, mpira katikati, kombe pembeni, na chini maandishi makubwa, AFCON 2027. Shemeji akadakia kwamba hela ipo, wameidunduliza muda mrefu. Wapige khanga na fulana, wauze hapa, Lindi mjini hadi Dar. CAF si ilitoa uenyeji kwa Tanzania, Kenya na Uganda tangu Septemba 2023?

"Shemeji, huo si mkwanja wa nje nje?" akaniuliza.

Chai ikanipalia. "Ngoja kwanza, shemeji," nikamwambia.

KOMBE LINA WENYEWE

Msomaji wangu, mashindano makubwa siku hizi ni mali. Jina, nembo, hata umbo la kombe vinalindwa, na wadhamini wanalipa fedha nyingi ili wavitumie wao tu. Ukivipiga kwenye fulana bila ruhusa, unaweza kunyang'anywa mzigo wote na kuitwa mahakamani.

Kumbuka Kombe la Dunia la 2010, Afrika Kusini. Tarehe 14 Juni, Uholanzi ikicheza na Denmark pale Soccer City, Johannesburg, wanawake 36 walitolewa uwanjani kwa sababu ya vigauni vyao vya rangi ya chungwa. Wawili kati yao walifikishwa mahakamani, ingawa kesi ilifutwa baadaye. Kosa lao? Vigauni vilitoka kwa Bavaria, kampuni ya bia ya Uholanzi, wakati mdhamini wa bia alikuwa Budweiser.

"Kwa kigauni tu?" wifi akashangaa.

Kwa kigauni tu.

WAVU BURE, MISTARI MITATU SIYO

Shemeji akanyoosha kidole ufukweni. "Na ule wavu wa golini, nao una mwenyewe?"

Ulikuwa naye. Mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, aliubuni mwaka 1889 baada ya goli la Everton kuzua ubishi, akaukatia hataza. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichokivumbua, kwa miaka maalum. Miaka ikiisha, uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Ndiyo maana vijana wa Masoko hawadaiwi hata senti.

Alama ya biashara, kama ile mistari mitatu ya Adidas, ni habari nyingine. Hii inamwambia mnunuzi bidhaa ni ya nani, na ukiilipia kila muda wake unapofika, haizeeki. Tanzania Bara unaisajili BRELA: miaka 7 ya kwanza, halafu unaihuisha kila miaka 10. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, hivyo cheti cha Bara hakikulindi ng'ambo ya pili. Na tusichanganye mambo, maana wengi tunakosea hapa: kusajili jina la biashara siyo kusajili alama ya biashara.

Wala Kilwa si wageni wa mambo haya. Masultani wa Kisiwani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na mwaka 1944 baadhi ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia. Mbali kote huko, na bado zilisomeka ni za nani!

NDUGU WALIOGAWANA VIATU

Hapo nikawapa kisa cha Adolf na Rudolf Dassler wa Herzogenaurach, Ujerumani. Ndugu hawa walishona viatu pamoja, na Jesse Owens alivivaa kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936. Kisha wakagombana, na mwaka 1948 wakagawana. Adolf akaanzisha Adidas, Rudolf akaanzisha Puma, na mji wao ukagawanyika nao. Ndugu wa tumbo moja!

Tena hata cheti si kinga ya kila kitu. Mbrazili Heine Allemagne alikuwa na hataza ya ile dawa nyeupe ambayo refa hupuliza kuchora mstari wa faulo. Ilitumika Kombe la Dunia la 2014, lakini yeye na FIFA waliishia kuburuzana mahakamani kwa miaka. Karatasi haizuii ugomvi, ila inakupa pa kusimamia.

SASA, MWENYE MALI NI NANI?

"Nani amechora hii khanga?" nikauliza.

"Mimi," wifi akajibu.

"Na kwenye fomu ataandikwa nani?"

"Mimi," shemeji akasema. "Si ndiye niliyetoa hela?"

Kimya. Wifi akafunga daftari.

Sikumlaumu shemeji, maana wengi tunaishi hivyo, kwa kuaminiana. Lakini mapenzi ni kitu kimoja na cheti ni kingine. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa ni sawa kwa sawa. Na mchoro wa wifi una hakimiliki yake, ambayo haihami kwa sababu tu mume ndiye amenunua kitambaa.

Nikawashauri wafanye ubia: jina la biashara lisajiliwe kwa majina yao wote, au wafungue kampuni yenye hisa za wote wawili, halafu alama iwe ya kampuni. Tukaenda kulala bila maneno mengi.

Asubuhi nilimkuta wifi upenuni na penseli. Kombe limefutwa, AFCON imefutwa. Limebaki jahazi, mpira na wavu, na chini ameandika: *Wavu tumefuma sote, samaki tugawane.*

Shemeji aliyasoma maneno yale mara mbili. Akacheka kidogo, akajikuna kichwa.

"Shemeji," akaniambia, "ile fomu ina nafasi ya majina mawili?"

Nikamwambia ipo.