Mtembezi wa bonde la Rukwa, beba chupa ya udhu

 



Kiangazi kikiingia, njia za kushuka kutoka Ufipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa hukauka na kupitika. Ndio wakati wa ziara za madrasa, safari za kuwaona jamaa na matembezi ya mapumziko. Mtu anapanda basi Sumbawanga mjini, anapita Muze, Mtowisa na Ilemba, anashuka Kaoze, na kutoka hapo anatumia miguu yake. Wapo pia wanaopenda kushuka kwa miguu ule ukuta wa mlima unaoitwa Lyamba lya Mfipa, wakipita vijia vya wenyeji. Juu ni baridi, chini ni joto, na tofauti ya kimo kati ya mji wa Sumbawanga na ziwa inakaribia kilomita moja.

Leo tuzungumze juu ya safari hiyo, hasa juu ya jambo moja ambalo Muislamu hawezi kulikwepa: maji atakayotawadhia akifika huko.

Kutembea ni dawa

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kidogo kunatosha. Kunasaidia kushusha shinikizo la damu, kunasaidia mwili kutumia sukari vizuri, kunapunguza uzito na kunaleta usingizi mzuri. Kwa hiyo hatumzuii mtu kutembea. Tunamtaka atembee zaidi.

Ila ajue kwamba kushuka mlima kunaumiza magoti kuliko kupanda, na kupanda kunachosha moyo kuliko kushuka. Mwenye presha au kisukari aendelee kumeza dawa zake kama alivyoandikiwa, na anayetumia dawa za kushusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuhisi kizunguzungu, akile mara moja na apumzike.

Maji ya Adhuhuri

Ndugu msomaji, fikiria hali hii. Umetembea tangu asubuhi, jua limekuwa kali, umefika penye maji na wakati wa Adhuhuri umeingia. Unavua viatu, unakunja suruali na kuingia hadi magotini. Unatawadha taratibu, watoto wanacheza pembeni yako. Hakuna kosa la kisheria hapo, lakini kwa upande wa afya huenda umejitia hatarini.

Kwenye maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, kama vile lambo, dimbwi, mfereji wa mpunga au ukingo wa kijito wenye majani, huweza kuishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa maelfu ya vimelea vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda wala kumezwa. Vinatoboa ngozi nzima kwa dakika chache tu. Tena hutoka kwa wingi zaidi saa za jua kali la mchana, yaani saa zile zile ambazo mtembezi mwenye joto anatafuta maji ya kuswalia Adhuhuri.

Maji kuwa meupe na kung'aa si dalili ya usalama. Vimelea hivi ni vidogo mno, huwezi kuvitambua kwa kutazama. Na katika Ziwa Rukwa kwenyewe, ukiacha magonjwa, kuna mamba. Usisogelee ukingo bila kuongozwa na mwenyeji.

Lita moja inatosha

Sasa tufanyeje, tuache swala? Hasha! Ufumbuzi upo katika Sunna yenyewe. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyoshikanishwa, na wanachuoni wengi wanaikadiria kuwa chini kidogo ya robo tatu za lita.

Maana yake ni kwamba chupa ya lita moja, ile ile ya maji ya dukani, inatosha udhu kamili na kubaki. Beba chupa mbili au tatu za kunywa, na moja ya udhu itie alama. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kufungulia bomba msikitini mpaka tunadhani udhu hauwi udhu bila ndoo.

Kama ni lazima kutumia maji ya huko, yachote mahali penye mkondo wa kasi, bila kuingia ndani, na yachemshwe kisha yapoe. Kwa wenyeji, maji ya kuogea yaliyochotwa bila konokono na kukaa kwenye chombo chenye mfuniko kwa siku mbili huwa vimelea hivyo vimekufa. Hayo ni ya kuogea tu. Ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kukaa hakuui vijidudu vya kuhara wala vya kipindupindu. Mwaka 2018 kipindupindu kilipiga vijiji vya Wilaya ya Sumbawanga, na somo lile lisisahaulike.

Mwenye kukosa maji kabisa, au anayechelea madhara ya kuyatumia, sheria imempa tayamamu. Masharti yake amuulize sheikh wake kabla ya safari.

Damu si balehe, wala si zinaa

Kichocho hakionekani siku ile ile. Wengine huwashwa ngozi baada ya kutoka majini. Wengine hupata homa, kikohozi na uchovu wiki kadhaa baadaye, wakapimwa malaria na isionekane. Ukifika kituoni na homa ya namna hiyo, mwambie tabibu kwamba uliingia kwenye maji fulani. Asipoambiwa, huenda asifikirie.

Baadaye ndipo mkojo hutoka na damu, hasa mwishoni mwa haja, au choo kikawa na damu, kutegemea aina ya kichocho. Katika sehemu nyingi wazee humwambia kijana kwamba anabalehe. Si kweli! Damu katika mkojo wa mtoto ni ugonjwa. Ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na unaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa mwanamke, mayai ya kichocho cha mkojo huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Akapata maumivu, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, hata kuchelewa kushika mimba. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika Kusini mwa Sahara wana hali hii. Dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na hapo ndipo nyumba huvunjika. Mume anamshuku mke, ndugu wananong'ona, talaka inatoka. Kumbe mama wa watu alipata ugonjwa akichota maji na kufua.

Ndugu yangu, kichocho hakiambukizwi kwa tendo la ndoa. Kumsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa, na sheria imeweka mashahidi wanne. Kabla ya ulimi, tangulia hospitali, nendeni wote wawili. Naye mama asiache swala kwa damu isiyokuwa ya hedhi wala nifasi. Hiyo ina hukumu yake ya istihadha.

Tiba ipo nayo ni nyepesi: vidonge vya prazikwanteli, kwa kipimo kinachotegemea uzito, humezwa baada ya kula. Kwa aliyeingia majini mara moja safarini, kipimo huaminika zaidi baada ya wiki 6 hadi 12. Mkojo wa kupimia ni bora utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Dawa haizuii kuambukizwa tena ukirudi majini.

Usiwaachie wa chini

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na alitahadharisha dhidi ya kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Tazama hekima yake! Katazo hilo, likifuatwa na kila mtu, linakata mzunguko wa kichocho kabla haujamfikia konokono. Mtembezi anayejisaidia kwenye kijito cha mlimani anampelekea uchafu mtoto wa bondeni. Tumia choo. Pasipokuwa na choo, nenda mbali na maji na njia, chimba shimo na ufukie.

Ukilala bondeni, lala ndani ya chandarua. Ukirudi na homa, hata wiki mbili baadaye, pima malaria siku hiyo hiyo.

Haya si ya Kaoze peke yake. Msomaji wa Dodoma au Iringa anayeshuka basi Mtera, na wa Morogoro anayetembea karibu na bwawa la Mindu, afuate utaratibu huo huo. Maji yatazame, pumzika kivulini mwake, mshukuru aliyeyaumba. Udhu wako utoke kwenye chupa.