Panga Mradi wa Kazini kwa Ukurasa Mmoja

Miradi midogo katika zahanati, shule za chekechea, masoko na ofisi za wadi mara nyingi huanza kwa hamu kubwa kisha hukwama katikati. Tangi hununuliwa kabla ya msingi kujengwa, au fundi hufika na kukuta saruji haijaletwa. Mpango wa ukurasa mmoja unaojibu maswali matano huzuia hasara nyingi za aina hii. Chukua mfano wa zahanati inayotaka kuvuna maji ya mvua.

1. Tunataka kupata nini, na lini?
Andika lengo linaloweza kupimwa. "Kuboresha huduma ya maji" halitoshi. "Kufikia Februari 28, tangi la lita 10,000 liwe tayari kupokea maji ya paa" ni lengo ambalo kila mtu ataona kama limetimia. Tarehe hiyo inatokana na mvua za masika, ambazo huanza Machi katika maeneo mengi ya Kenya. Tangi likichelewa hadi Juni, zahanati itaendelea kununua maji kwa mitungi huku mvua ikiwa imeshapita.

2. Je, linawezekana?
Piga hesabu mapema. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 80 za mraba, likipata milimita 160, hupokea lita 12,800. Ukiondoa moja kwa tano inayopotea, hubaki zaidi ya lita 10,000. Tangi hilo litajaa.

3. Kazi zifuatane vipi?
Anza na siku ya mwisho, kisha hesabu kurudi nyuma. Tangi la lita 10,000 likijaa hubeba maji ya uzito wa tani 10, kwa hivyo msingi wa zege ni lazima uwe imara. Zege humwagiliwa maji kwa angalau siku 7, na kwa kawaida hupewa siku 28 kukomaa. Hivyo basi:
- Desemba 10: bei za vifaa zimepatikana na kulinganishwa.
- Januari 10: saruji, kokoto na mchanga vimefika.
- Januari 20: msingi umemwagwa.
- Februari 18: tangi limewekwa.
- Februari 25: mifereji ya paa imefungwa na kujaribiwa kwa maji.

4. Nani anawajibika?
Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Kazi iliyoachiwa "kamati" hubaki bila mwenyewe. Watu wengi wanaweza kusaidia, lakini mmoja ndiye anayeulizwa.

5. Pesa zitatoka wapi?
Orodhesha kila gharama, ikiwemo usafiri na malipo ya fundi, na utenge akiba kidogo kwa bei zinazopanda. Ikiwa pesa zinatarajiwa kutoka kwa kaunti, kumbuka kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya bajeti yake kuanza kutumika. Pendekezo linaloletwa baada ya hapo huenda likangoja mwaka mwingine.

Baada ya mpango kukubaliwa, wahusika wakutane kwa dakika 15 kila wiki. Waulizane: nini kimekamilika, nini kimechelewa, na nani atakirekebisha lini? Tarehe moja ikisogea, zinazoifuata zisahihishwe siku hiyo hiyo.

Mpango ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mkazi anayeona tarehe na majina ukutani anaweza kuuliza kuhusu msingi mwezi wa Januari, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.