Asilimia 80 Yatosha

Betri ya laptopu ina maadui wawili: joto, na kukaa imejaa pomoni. Mombasa, hasa msimu wa kaskazi ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30, laptopu iliyo juu ya kaunta ya saiba au ofisi pale Buxton hukutana nao wote. Asubuhi huchomekwa chaja, jioni huzimwa, na kutwa nzima betri iko kwenye 100. Seli ya kawaida ya lithiamu ikijaa hufika volti 4.2, ikidumu hapo kemikali zake huchakaa mapema, na joto huzidi kuziharakisha. Mwisho wake mafundi wanaujua: betri inayozima baada ya nusu saa, au iliyofura mpaka kibodi ikainuka.

Dawa ni kuiagiza mashine iache kuchaji kabla ya kujaa. Katika Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hata betri huonekana kama folda yenye mafaili. Kwenye ThinkPad, laptopu ya mtumba inayopendwa kwa ugumu wake, kikomo huwekwa kwa kufungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja:

echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Nywila ikishaingizwa, kazi imekwisha. Faili jirani, charge_control_start_threshold, huamua betri ishuke hadi wapi ndipo ianze kuchaji tena. 75 ni kiwango kizuri. ThinkPad zilipata uwezo huu katika kerneli (kiini cha Linux) 4.17 ya mwaka 2018, na laptopu nyingi za ASUS zikafuata mwaka 2019. Baadhi ya laptopu za IdeaPad haziruhusu kuchagua nambari. Zina swichi tu ya kuwasha na kuzima kikomo cha kiwandani.

Faili lisipokuwepo, kuhangaika na programu hakusaidii sana. Kinachokata chaji hasa ni chipu iliyo ndani ya laptopu. Linux hupeleka ujumbe tu. Kwa mashine zinazosahau kikomo zikizimwa, programu ya TLP hukirudisha kila ziwakapo, na asiyependa amri atakuta kitufe chake katika mipangilio ya toleo la 48 la GNOME, sura ya madirisha ya Linux, lililotoka Machi 2025.

Alama ya betri ikigoma kwenye 80 huku chaja imechomekwa, huo si ubovu. Hasara ipo: stima ikipotea, betri ina akiba pungufu kwa moja ya tano. Mwenye TLP akiwa na safari ya Nairobi usiku aandike sudo tlp fullcharge, betri ijae mara hiyo moja. Ila betri iliyokwisha kufura haiponywi na kikomo chochote; itolewe na fundi, na isitobolewe.