JIWE LIPIMWE KABLA YA KUJENGEWA



Hapa Nzahaha na pande za Bugarama mawe hatuyakosi. Lipo jiwe jeusi la volkano, na lipo jiwe la chokaa la Mashyuza, ambalo kiwanda cha CIMERWA kilianza kulitengenezea saruji mwaka 1984. Wengi wetu husema: jiwe ni jiwe. Si kweli.

Tukumbuke Jumapili, tarehe 3 Februari 2008. Matetemeko yalipiga Bukavu, Rusizi na Nyamasheke. Upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, wengine wakiwa kanisani. Katika tetemeko, muuaji mkubwa ni jengo linaloanguka.

Wataalamu hukata kipande cha jiwe na kukikandamiza kwa mashine mpaka kipasuke. Jiwe jeusi zima, lisilo na matundu, huweza kubeba zaidi ya kilo 1,000 kwa kila sentimita moja ya mraba. Lenye matundu mengi au lililooza hubeba kidogo sana. Hupimwa likiwa kavu, tena likiwa limelowa, kwa sababu maji hupunguza nguvu ya jiwe.

Sisi tusio na mashine tunaweza kuanza hivi:

Kwanza, ligonge kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama chuma. Lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa.

Pili, livunje. Ndani likiwa jekundu au la manjano na kumomonyoka kwa kucha, limeoza. Liache.

Tatu, lipime likiwa kavu kwa mizani ya duka. Liloweke usiku na mchana, lipanguse, lipime tena. Jiwe la kilo 5 likiongeza gramu 50, limekunywa asilimia 1 tu: ni zuri. Likiongeza gramu 500, lisiwekwe kwenye msingi.

Jiwe la tabaka lilazwe kama lilivyolala machimboni, wala lisisimamishwe, maana litabanduka.

Lakini jiwe gumu peke yake halitoshi. Ukuta unataka mchanga na saruji ya kutosha, mawe marefu yanayopita unene wote wa ukuta, na mkanda wa zege wenye nondo juu yake.

Kwa hiyo, mwajiri anapojenga nyumba za wafanyakazi, wajumbe wetu waombe kuona karatasi ya vipimo kabla msingi haujafukiwa. Ukisha kufukiwa, tumechelewa. Watakaolala humo ni sisi na watoto wetu.